Nyayo za wezi: siku nane kutoka Sydney hadi kisiwa cha Sarah

Wageni wengi hushuka Hobart, mji mkuu wa kisiwa cha Tasmania, hukodi gari, hukimbilia jela ya zamani ya Port Arthur na kurudi jioni wakiamini wameyaona maisha ya mwizi wa Kiingereza aliyehukumiwa kupelekwa Australia. Walichoona ni chumba cha mwisho cha nyumba ndefu. Kati ya 1788 na 1868 Waingereza walipeleka huko wafungwa zaidi ya 160,000, wengi wao kwa wizi, kwa vifungo vya miaka 7, 14 au maisha. Port Arthur ilijengwa kwa ajili ya waliokosa tena baada ya kufika. Ndiyo maana safari hii ilipangwa kwa mfuatano wa maisha ya mfungwa: kushuka melini, kuandikwa, kugawiwa kwa bwana, kujenga barabara, na kosa la pili kwa aliyelifanya.

Kabla ya yote, viza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya huomba viza ya mgeni kwa mtandao, na ada inakaribia dola 200 za Australia. Bei zote humu ni dola za Australia, kwa makadirio. Tulisafiri mwezi wa Machi, kiangazi chao kikiwa kimeisha tu.

Siku ya 1: Sydney, kwa mwizi wa sukari

Kutoka gati la Circular Quay tulipanda kivuko hadi McMahons Point. Tiketi haihitajiki, unagusisha kadi ya benki kwenye mashine unapoingia na unapotoka. Ukisahau kugusa wakati wa kutoka, unakatwa nauli ya juu kabisa. Toka gatini dakika chache kwa miguu na utafika Blues Point, uwanja wa nyasi unaotazamana na daraja kubwa la Sydney.

Jina hilo ni la William Blue, mtu mweusi aliyekuwa kibarua wa melini mjini London. Mwaka 1796 alihukumiwa miaka saba huko Maidstone kwa kuiba ratili 80 za sukari guru, kama kilo 36. Alikaa zaidi ya miaka minne katika meli kuukuu zilizogeuzwa magereza kabla ya kuondoka Uingereza, akafika Sydney Desemba 1801 na meli ya Minorca. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kifungo chake ilikuwa imekwisha kabla hajakanyaga koloni. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, kwani hesabu ya miaka ilianza siku ya hukumu.

Alipomaliza kifungo hakurudi kwao. Serikali haikulipa nauli ya kurudi, na mwenye kutaka kwenda kwao alijitafutia mwenyewe. Blue alipata mashua, akawavusha watu bandarini, na mwaka 1817 gavana Macquarie akampa ekari 80 upande wa kaskazini. Ratili 80 za sukari, ekari 80 za ardhi. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wacammeraygal, na hao hawakusomewa shtaka wala kuulizwa.

Chakula cha mchana kilikuwa mkate na samaki wa kukaanga ufukweni, dola 18. Linda sahani, shakwe wa hapo hawana haya.

Siku ya 2: Kambi ya Hyde Park, halafu ndege

Kambi ya Hyde Park ilijengwa 1817 hadi 1819. Msanifu wake, Francis Greenway, alikuwa mfungwa mwenyewe, aliyepelekwa kwa kughushi hati. Kabla ya kambi hii wafungwa wa serikali walijitafutia vyumba mjini baada ya kazi. Hapa walikusanywa wapatao 600, na kuna nyakati walifika 1,400. Ghorofa ya juu machela yamefungwa upya kwenye mihimili kama zamani. Lala ujaribu, inaruhusiwa. Bega lako litagusa la jirani.

Jambo la kushangaza liko chini ya sakafu. Panya walikokota vitambaa, karatasi na mabaki ya chakula kwenye viota vyao, na ukavu wa mahali hapo ukavihifadhi. Humo imepatikana mpaka shati la mfungwa lenye mistari. Unapewa kifaa cha kusikiliza masimulizi. Tenga saa mbili, kwa sababu chini ya hapo utapita mbio tu.

Alasiri tuliruka kwenda Hobart, chini ya saa mbili angani. Angalizo: Tasmania hairuhusu matunda wala mboga mbichi kuingia. Mbwa hunusa mizigo uwanjani, na embe la kwenye begi litaishia pipani.

Siku ya 3: Hobart, siku ya karatasi

Gari lilikuwa lichukuliwe saa mbili asubuhi. Likapatikana saa nne na nusu, kwa kuwa ofisi ya kukodisha ilikuwa imeligawa kwa mtu mwingine. Muda huo haukupotea. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake alitukaribishia viti na chai, akatuchorea kwenye bahasha njia ya miguu inayofuata kijito hadi kwenye jela ya wanawake ya Cascades.

Tuanze na karatasi, maana ndizo ufunguo wa mengine yote. Kumbukumbu za wafungwa wa Tasmania, kisiwa kilichoitwa wakati huo Van Diemen's Land, zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure na maktaba ya serikali ya jimbo. Andika jina na meli. Meli ni muhimu kuliko unavyodhani: akina James Smith walikuwa wengi, na makarani waliwatofautisha kwa meli walizokuja nazo. Jaribu pia tahajia zaidi ya moja, kwa kuwa karani aliandika alivyosikia, na lafudhi ya Ireland ilimpiga chenga.

Ukurasa wa mfungwa una sehemu mbili. Juu yameandikwa mahali na tarehe ya hukumu, miaka, kazi anayoijua, urefu bila viatu, rangi ya macho, makovu na chale za wino mwilini. Huo wasifu ulikuwa badala ya picha, ili akitoroka atambuliwe. Mara nyingi kuna pia maneno yake mwenyewe kuhusu kosa lake, aliyoulizwa melini kabla ya kushuka. Wengi walisema kweli, kwa kuwa karani alikuwa na taarifa ya Uingereza mkononi tayari.

Chini kuna orodha ya makosa ya koloni, kila moja na tarehe, adhabu na herufi za jina la hakimu: kulewa, kujibu kwa ufedhuli, kuchelewa kurudi, kukutwa na kipande cha nyama asichoweza kukieleza. Adhabu ni siku kadhaa selo kwa mkate na maji, viboko, au miezi ya kazi kwa minyororo. Ukiona T.L., amepewa cheti cha kujitafutia kazi ndani ya wilaya. C.P. ni msamaha wa masharti, yaani yu huru lakini haruhusiwi kurudi Uingereza. Kurasa fupi ndizo za watu waliofanikiwa. Ukurasa uliojaa hadi pembeni ni wa mtu aliyeishia Port Arthur.

Aliyeshuka na ujuzi mwema, yaani mwashi, seremala, mhunzi, aligombaniwa. Asiye na ufundi aligawiwa kwa mkulima, akalishwa na kuvishwa bila mshahara. Bwana hakuruhusiwa kumchapa mwenyewe. Alimpeleka kwa hakimu, ambaye mara nyingi alikuwa mkulima jirani yake.

Mchana tulifuata mchoro wa bahasha, kama dakika arobaini kwa miguu. Cascades ilifunguliwa 1828 ndani ya kiwanda cha pombe kilichokufa, bondeni chini ya mlima kunanyi, mahali penye unyevu na jua la saa chache. Kuta zimebaki, majengo karibu yote yameondoka. Wanawake waligawanywa madaraja matatu. Wa daraja la chini walishonewa herufi C kubwa ya njano mgongoni, mkononi na kwenye sketi, wakafua nguo za mji siku nzima. Aliyepata mimba akiwa kwa bwana alirudishwa hapa kuzaa. Mtoto akishaachishwa ziwa, mama alipelekwa kutumikia adhabu na mtoto akabaki katika chumba cha watoto, ambako walikufa kwa wingi. Baba hakuandikiwa chochote. Chukua ziara ya kuongozwa, kwa sababu bila maelezo utaona ua na changarawe.

Siku ya 4: Richmond na shingo ya mbwa

Magari hupita kushoto kama kwetu na leseni yetu yenye Kiingereza inakubalika. Richmond iko karibu nusu saa kutoka Hobart. Daraja lake la mawe, lililojengwa na wafungwa 1823 hadi 1825, ndilo kongwe la mawe linalotumika bado Australia. Jela yake, ya 1825, ni kongwe kuliko Port Arthur na haina watu wengi.

Humu alipita Ikey Solomon, mnunuzi mashuhuri wa mali za wizi wa London. Alitoroka mikononi mwa askari 1827. Mkewe Ann akahukumiwa na kupelekwa Hobart, naye akamfuata mwaka 1828 kama msafiri huru, akafungua duka mjini mbele ya macho ya serikali. Gavana hakuwa na hati halali ya kumkamata. Hatimaye alirudishwa Uingereza, akahukumiwa miaka 14 mwaka 1830, na mwaka uliofuata akaletwa Hobart palepale, safari hii kwa gharama ya mfalme.

Kula pai ya Richmond. Ile maarufu Tasmania ina aina ya chaza waliopikwa kwa mchuzi wa bizari ya njano, na harufu yake itakukumbusha nyumbani. Pai ni kama dola 10. Asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali atashukuru kuwapo kwake, maana zilizobaki karibu zote ni za ng'ombe na kondoo.

Kutoka hapo barabara hupita Sorell na Dunalley, kisha inashuka Eaglehawk Neck. Nchi inabana ikawa ukanda wa mchanga usiofika mita 100 kwa upana, bahari huku na huku, na nyuma yake ni rasi nzima ya Port Arthur. Kuanzia miaka ya 1830 mwanzoni ukanda huo ulifungwa kwa safu ya mbwa wakali. Kila mmoja alikuwa na mnyororo wa kumfikisha karibu na mwenzake asimguse, na kati yao ziliwekwa taa. Ardhini walimwaga kombe zilizopondwa ili mwanga urudi na kivuli cha mtu kionekane. Wengine waliwekwa juu ya majukwaa ndani ya maji.

Martin Cash, aliyehukumiwa kwa kuvunja nyumba, alipita hapa na wenzake wawili Desemba 1842 kwa kuogelea usiku, nguo kichwani. Mawimbi yakachukua nguo, wakafika ng'ambo uchi. Nyumba ya maofisa wa walinzi ingali imesimama na kuingia ni bure.

Usiendeshe baada ya jua kuzama. Kangaruu wadogo na wombati hujaa barabarani, na baadhi ya mikataba ya kukodi gari hailipi ajali ya mnyama wakati wa usiku. Soma maandishi madogo.

Siku ya 5: Port Arthur

Tiketi ni kama dola 50, inatumika siku mbili mfululizo, na ndani yake kuna maelezo ya kuanzia na mzunguko mfupi wa boti. Kisiwa cha makaburi hulipiwa kando. Weka nafasi mapema. Fika mlango unapofunguliwa, maana mabasi ya Hobart huanza kushusha watu karibu na saa tano.

Kituo kilianza 1830 kwa kupasua mbao na kikafungwa 1877. Mwanzoni magogo yalibebwa mabegani na kikosi cha watu wengi kwa pamoja, kama tandu. Mfupi kati ya warefu hakubeba kitu, mrefu kati ya wafupi alivunjika mgongo. Nyapara naye alikuwa mfungwa, na ukali wake ulikuwa tumaini lake la kuachiliwa mapema.

Lile jengo la ghorofa nne linaloonekana kwenye kila picha lilijengwa miaka ya 1840 kuwa kinu cha kusaga unga, likiendeshwa kwa maji na kwa gurudumu la kukanyagwa na wafungwa. Maji ya kijito hayakutosha, kinu kikashindwa. Kati ya 1854 na 1857 likageuzwa bweni la wafungwa: selo 136 chini kwa wenye adhabu nzito, ukumbi wa kulala juu. Moto wa 1895 na wa 1897 ndio ulioacha kuta tupu.

Muda mwingi tuliutumia katika jela ya ukimya, iliyokamilika karibu 1850. Wakuu waliona mjeledi unawafanya watu sugu, wakaja na dawa nyingine. Mfungwa aliitwa kwa namba. Alikaa selo saa 23, akatoka saa moja kutembea peke yake katika ua wenye kuta ndefu, uso umefunikwa kofia yenye matundu mawili ya macho. Walinzi walitembea kimyakimya na kupeana ishara. Kanisani kila mtu alisimama ndani ya kijisanduku chake, akimwona mhubiri bila kumwona jirani. Kuimba ndiyo nafasi pekee ya kutumia sauti, na inasemekana wapo waliochomeka habari katikati ya zaburi. Aliyevunja ukimya alitiwa selo ya giza yenye milango kadhaa, mmoja nyuma ya mwingine. Ingia, mwenzako akufungie kwa dakika moja. Jengo la jirani ni nyumba ya wagonjwa wa akili ya miaka ya 1860, na kwa maoni yetu ukaribu huo haukuwa wa bahati mbaya.

Ng'ambo ya ghuba ni Point Puer, jela ya wavulana, 1834 hadi 1849. Walipita humo wapatao 3,000, wadogo kabisa wakiwa na miaka tisa. Walifundishwa useremala, ushonaji viatu, uashi. Mawe ya kanisa la Port Arthur yamepita mikononi mwao. Katika kisiwa cha makaburi wamelala zaidi ya watu elfu moja. Watu huru wako sehemu ya juu, na mawe ya majina. Wafungwa wako chini, na kwa miaka mingi hawakuruhusiwa jiwe.

Jambo la adabu: tarehe 28 Aprili 1996 mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 35 hapa na maeneo ya jirani. Kuna bustani ya kumbukumbu. Usiwaulize wafanyakazi, kwani wapo waliopoteza wenzao.

Siku ya 6: Makaa ya mawe, halafu Ross

Machimbo ya makaa ya mawe ya Saltwater River ni bure na karibu hakuna mtu. Vaa viatu vya kushika ardhi na chukua tochi: selo za adhabu ziko chini ya ardhi, hazina dirisha. Yetu ilizimika mlangoni, na mzee aliyekuwa akitembeza wajukuu akatuachia yake, akisema tuiweke juu ya boneti ya gari lake tukimaliza.

Baada ya saa tatu hivi barabarani tulifika Ross. Barabara kuu ya Hobart hadi Launceston ilijengwa na magenge ya wafungwa, wengine kwa minyororo miguuni, na daraja la Ross ni kazi yao bora. Wasimamizi wa mawe walikuwa Daniel Herbert, aliyehukumiwa maisha kwa unyang'anyi wa barabarani, na James Colbeck, mwashi aliyehukumiwa kwa kuvunja nyumba. Daraja lilikamilika 1836, na tao zake tatu zina mawe 186 yaliyochongwa: nyuso, wanyama, majani, alama zisizoeleweka. Wote wawili walipata msamaha kwa kazi hiyo. Shuka ukingoni jioni, jua likiwa chini. Mchana wa saa sita michoro haionekani, mwanga wa pembeni ndio unaoitoa.

Herbert alibaki Ross na kaburi lake liko katika makaburi ya zamani mlimani. Chumba cha watu wawili kijijini kilikuwa dola 160.

Siku ya 7: Kwenda magharibi

Kutwa barabarani kupitia Bothwell hadi barabara ya Lyell. Jaza mafuta kabla ya kuingia milimani, kwa kuwa mtandao wa simu unakatika na vituo ni vichache. Karibu na Queenstown vilima viko uchi, miti ikiwa imemalizwa na viwanda vya kuyeyusha shaba. Kona ni nyingi. Mwenye kutapika akae mbele. Tulilala Strahan.

Siku ya 8: Kisiwa cha Sarah

Boti ya mto Gordon huondoka asubuhi, hutumia sehemu kubwa ya siku, huanzia kama dola 150 na chakula cha mchana kimo. Kwanza hukupeleka hadi mlango wa bandari, mwembamba na wenye mkondo mkali, ulioitwa Mlango wa Jehanamu, kisha kisiwani, ambako muda ni kama saa moja. Mfuate mwongoza wageni. Vibao ni vichache.

Kisiwa hiki kilikuwa jela kutoka 1822 hadi 1833, kikitangulia Port Arthur. Hapa aliletwa Alexander Pearce, aliyehukumiwa miaka saba huko Armagh kwa kuiba jozi sita za viatu. Septemba 1822 alitoroka na wenzake saba kwenda mashariki msituni. Wawili waligeuka, waliobaki waliishiwa chakula wakaanza kuuana na kulana, na aliyetokea upande wa pili ni Pearce peke yake. Alipokamatwa alikiri yote. Hakimu hakuamini, akaona anawaficha wenzake walio hai. Akarudishwa kisiwani. Alitoroka tena mwishoni mwa 1823 na Thomas Cox, akakutwa na nyama ya Cox mfukoni ilhali chakula kingine alikuwa nacho. Alinyongwa Hobart Julai 1824. Ukitazama msitu kutoka kwenye boti, ulivyoshonana hadi majini, unaelewa kwa nini upande huo haukuhitaji ukuta.

Pearce ndiye anayeuza tiketi, lakini kazi halisi ya kisiwa ilikuwa meli. Msonobari wa Huon una mafuta yasiyoruhusu mti kuoza wala kuliwa na fukusi wa bahari, na wafungwa walijenga humo vyombo vingi. Waliojifunza kujenga walilala vizuri na kuchapwa mara chache. Jela ilipohamishwa, wafungwa wachache waliachwa wamalizie merikebu ya Frederick. Waliimaliza, na Januari 1834 kumi kati yao wakaiteka, wakavuka Pasifiki hadi Chile. Wanne walikamatwa na kurudishwa Hobart kushtakiwa kwa uharamia. Mmoja wao, James Porter, akajitetea kwamba chombo hakikuwa kimesajiliwa wala kukamilika kisheria. Ilikuwa mbao, kamba na turubai tu, na tena iliibwa ndani ya bandari, si bahari kuu. Kamba ya kunyongea ikawapita, wakapelekwa kisiwa cha Norfolk.

Mbao za msonobari huo bado huuzwa Strahan, pembeni ya gati, vipande vidogo kuanzia dola 5. Zina harufu tamu isiyoisha. Nunua kilichokaushwa na kupakwa dawa, na ukitangaze kwenye fomu ya forodha unaporudi nyumbani.

Kwa siku nane, watu wawili wakichangia gari na chumba, bila ndege ya kufika Sydney, ilikuwa karibu dola 2,100 kwa mtu. Robo ilikuwa gari na mafuta. Ukikata kitu, kata boti ya Port Arthur ya kisiwa cha makaburi kabla ya kukata Ross, ambako kuliona daraja hakugharimu chochote.